Kazi Isiyoombewa Kibali

Kati ya kazi za mikono nilizojifunza maishani, kutengeneza kurasa za tovuti ndiyo pekee ambayo sikumwomba mtu kibali ili niianze. Sikujaza fomu, sikupeleka picha mbili za pasipoti, wala sikuambiwa nirudi Jumatatu. Kwa mtu wa kizazi changu, tena mwalimu wa shule aliyekaa Dodoma karibu miaka yake yote ya kazi, hilo si jambo dogo. Nimeona nilieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu vijana ninaozungumza nao hudhani mtandao ulikuwapo siku zote kama upepo wa Dodoma, unaovuma bila kuitwa na mtu. Haukuwa hivyo. Una historia, na historia yake hapa kwetu ni historia ya vibali.

Nianze na karatasi. Chombo chetu sisi walimu cha kusambaza maandishi kilikuwa taipureta, stensili na mashine ya kudurufu. Stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, unapiga herufi kwa nguvu ili zitoboe nta, kisha wino wa mashine unapita katika matundu yale na kuacha maandishi kwenye karatasi. Ukikosea herufi, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unapuliza mpaka ikauke, unapiga tena juu yake. Ukipiga kwa hasira herufi "o" inang'oka yote, na darasa zima linapata mtihani wenye matone meusi badala ya "o". Kwa njia hiyo tulitoa mitihani ya muhula, ratiba, na matangazo ya Jumapili kwa wale waliosaidia kanisani. Hapo ndipo mpaka ulipokuwa. Aliyetaka kuvuka, akatoa gazeti la kuuzwa mtaani, alikutana na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyotaka gazeti liandikishwe na iliyompa waziri uwezo wa kulifungia. Redio tulikuwa nayo moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Tuliipenda, na sioni haya kusema mpaka leo naikumbuka sauti yake ya saa mbili usiku, lakini haikuwa chombo ambacho mtu wa Mpwapwa au Manyoni angeweza kujiuliza, "Hivi mimi nami nawezaje kutengeneza kama hii?" Redio za watu binafsi zilianza mwaka 1994, na televisheni ya Bara ilianza mwaka huohuo, wakati Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

Kompyuta nazo zilikuwa na kisa chao. Ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Wako wanaolicheka jambo hili siku hizi, mimi simo. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima, ukame ulikuwa umetupiga na nchi ilikuwa ikitafuta fedha za kigeni za kununulia chakula. Isitoshe, sisi wa kanda ya kati tulishaona mashine za wageni zinavyoweza kufika kwa kishindo na kuondoka kimya. Kule Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta kwa mamia kulima karanga, wakatumia mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 mradi wote ukafutwa. Udongo ulikuwa mgumu kuliko majembe yao na mvua haikufuata ratiba ya London. Mtu aliyeona hayo hawezi kulaumiwa akiiogopa mashine ghali asiyojua kuitengeneza. Hata hivyo, marufuku ile ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote. Kwa karibu miaka ishirini, kijana wa Kitanzania aliyekuwa na kipaji cha mambo hayo hakuwa na kitu cha kushika. Masharti yalilegezwa polepole, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali hiyohiyo iliondoa kodi kwenye kompyuta ili ziingie kwa wingi.

Wakati sisi bado tunapuliza dawa nyekundu, mambo yalikuwa yakitendeka Uswisi. Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Mwaka 1989 aliwaandikia wakubwa wake pendekezo la kuunganisha nyaraka za kituo kile ili mtu asome moja na kurukia nyingine, hata kama imehifadhiwa kwenye kompyuta ya mbali. Kufikia mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi. Kwangu mimi, tarehe ya kukumbuka katika habari hii ni nyingine, 30 Aprili 1993. Siku hiyo CERN ilitia saini waraka uliosema kwamba programu za mtandao huo zinatolewa kwa watu wote, bila ada na bila kuomba. Uzito wa waraka ule unaonekana ukiulinganisha na mpinzani wake. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilikuwa na mfumo wake ulioitwa Gopher, na wakati ule ulikuwa unatumiwa na wengi kuliko huu wa Geneva. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 1993 chuo kile kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wangeanza kutozwa ada. Watu wakauhama. Sidhani kama ada yenyewe ingewashinda Wamarekani. Kilichowahamisha, naona, ni kule kuambiwa kwamba kuanzia sasa kuna mlango, na mlango una bawabu.

Intaneti ilifika Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Jina la nchi yetu mtandaoni, yaani ile .tz inayomalizia anwani, liliandikishwa mwaka 1995, na kampuni za kwanza za kuuza huduma zilifunguliwa Dar es Salaam muda mfupi baadaye. Dodoma tuliipata kwa kuchelewa, kama tunavyopata samaki wabichi. Mimi nilikutana nayo mwaka 2001, katika kafe ya intaneti yenye kompyuta sita, simu moja ya mezani na modemu moja iliyolia kama jogoo aliyekabwa kila ilipounganishwa. Nusu saa ililipiwa bei ya mkate. Wengi walikuja kusoma barua pepe kutoka kwa ndugu walioko ng'ambo. Wachache walikuja kutafuta vyuo. Nami nilikwenda kwa barua. Kijana aliyekuwa akiangalia kafe ile ndiye aliyenionyesha jambo lililonibakiza.

"Mwalimu," aliniambia, "unataka kuona ukurasa huu umeshonwaje?"

Akabonyeza amri moja katika orodha iliyokuwa juu ya kivinjari. Dirisha jingine likafunguka, na ndani yake yakatokea maandishi yote yaliyoujenga ukurasa niliokuwa nikiutazama, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hapakuwa na neno la siri wala malipo.

Ili msomaji aelewe nilivyoshangaa, itabidi akumbuke jinsi ufundi unavyopatikana kwetu. Fundi wa saa hufanya kazi akiwa amekupa mgongo. Fundi redio humtuma mwanafunzi wake soda wakati ule hasa anapotia risasi mahali penye siri. Fundi cherehani atakuacha upige pasi na kushona vifungo mwaka mzima kabla hujashika mkasi, na siku ya kukushikisha mkasi lazima pawe na kitu mkononi. Sisemi ni ubaya. Mtu analinda mkate wake. Lakini hapa palikuwa na kazi ya mafundi wa dunia nzima, wa magazeti makubwa na vyuo vikuu, na kila mmoja wao amelazimika kuiacha nguo yake ikiwa imegeuzwa ndani nje ili mpita njia aone mshono. Haikuwa ukarimu wa mtu mmojammoja, maana ndivyo chombo kilivyotengenezwa: kivinjari hakiwezi kukuonyesha ukurasa bila kwanza kuletewa maandishi yake, na yakishaletwa ni yako kuyasoma.

Nilianza kunakili. Nilichukua disketi, ile ya ujazo wa megabaiti 1.44, nikahifadhi kurasa kumi hivi za watu, nikaenda nazo kwenye ofisi moja mjini iliyokuwa na kompyuta isiyounganishwa na simu, na wenyewe wakaniruhusu kuitumia baada ya saa za kazi. Hapo nikagundua jambo la pili: ukurasa wa tovuti haudai intaneti ili ufunguke. Kivinjari hukisoma kilichoandikwa kwenye disketi sawasawa na kinavyosoma kilichotoka Marekani. Kwa hiyo mtu angeweza kujifunza kazi hii yote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa Kondoa au Manyoni, mradi apate kompyuta na umeme. Tena hata kompyuta si lazima kila siku. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na humo niliandika kurasa zangu kwa kalamu nyumbani, nikizisahihisha kwa kalamu nyekundu kama insha za wanafunzi. Nikipata saa moja ya kompyuta niliitumia kupiga chapa tu.

Lugha yenyewe huitwa HTML, na misingi yake mtu mwenye nia huimaliza kwa wiki mbili. Maandishi yako unayaandika kama kawaida, kisha unayawekea alama kati ya mabano yenye pembe. Herufi p hufungua aya. Herufi b hufanya maandishi yawe mazito. Herufi h na tarakimu kutoka 1 hadi 6 hutaja ukubwa wa kichwa cha habari. Karibu kila alama inayofungua ina mwenzake wa kufunga mwenye mstari wa mshazari, na ya mwisho kufunguliwa ndiyo ya kwanza kufungwa, kama sufuria zinavyopangwa kabatini, ndogo ndani ya kubwa. Alama iliyo roho ya kazi yote ni ile ya kiungo, ambayo ni herufi a pamoja na anwani ya unakotaka msomaji apelekwe. Alama hii haikuulizi kama mwenye ukurasa wa kule amekubali. Mwalimu wa Dodoma aliweza kuunganisha ukurasa wake na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au na maktaba ya London, na kiungo kikafanya kazi siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja zaidi lililomvutia mpiga stensili. Stensili haikusamehe. Kivinjari kilisamehe mno. Ukisahau kufunga aya, kilikisia mahali ulipotaka kuifunga. Ukiandika alama isiyojulikana, kiliiruka na kuendelea na maneno yaliyosalia. Wataalamu wa programu walilaumu tabia hiyo, wakisema inalea uzembe, na kweli ililea. Lakini ndiyo iliyomwezesha mtu asiye na mwalimu kuona kazi yake ikitokea kwenye skrini jioni ya kwanza, ikiwa na kilema lakini hai. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa historia fupi ya mji wetu: jina Idodomya na kile kisa cha tembo aliyezama matopeni, reli ya Wajerumani iliyofika mwaka 1910, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu, na picha moja ya Mlima wa Simba. Ulikuwa na maandishi ya kijani juu ya rangi ya udongo, na nilidhani ni kitu kizuri sana.

Hapa yafaa nitaje bahati yetu moja ambayo huwa haisemwi. Kompyuta za zamani zilitengenezwa na watu waliofikiria Kiingereza tu. Orodha yao ya msingi ina nafasi 128 za herufi, tarakimu na alama. Mwarabu, Mhindi na Mhabeshi walilazimika kusubiri miaka mingi, na kutafuta programu za pekee, kabla hawajaandika lugha zao kwa raha. Hata Mfaransa alihangaika na vialama vyake juu ya herufi. Kiswahili kiliingia siku ya kwanza bila kubisha hodi. Tahajia iliyosanifiwa katika miaka ya 1930 haina kialama hata kimoja juu ya herufi, na wale waliotusanifia, kwa sababu zao wenyewe za wakati wa ukoloni, walitufanyia hisani wasiyoikusudia. Taabu ilikuwa kwenye ng' tu. Programu za kuandikia zilidhani ule mkato ni nusu ya alama za kunukuu, zikaupinda, na ukurasa ukatokea na mraba mtupu mahali pake. Cigogo kina sauti za namna hiyo kwa wingi, na majina ya vijiji vinavyouzunguka mji wetu, kama Ng'ong'ona, yalitoka yakiwa yamejaa miraba. Nikajifunza kuandika tarakimu ya alama ile badala ya alama yenyewe.

Picha na sauti zilikuwa shule nyingine, na somo lake kuu lilikuwa uzito. Modemu ya wakati ule ilikuwa na kasi ya biti 56,000 kwa sekunde kwa maandishi ya kwenye boksi lake, yaani kilobaiti saba hivi. Kwa nyaya zetu mara nyingi ilikuwa chini ya hapo. Picha ya kilobaiti mia ilimsubirisha msomaji robo dakika kwa siku njema, huku saa yake ya kulipia inakwenda. Kwa hiyo tulipunguza. Picha ya Mlima wa Simba niliikata, nikaifinya kwa mtindo wa JPEG mpaka mawe yakaanza kufanana na uji, nikarudi nyuma hatua moja, nikaiacha hapo. Nadhani hiyo ndiyo sanaa halisi ya kazi hii kwa nchi kama yetu, kujua ni wapi pa kuacha kufinya.

Sauti ilinisumbua zaidi kwa sababu niliitaka zaidi. Wagogo ni watu wa muziki wa sauti nyingi zinazojibizana, wa zeze na ilimba, na muziki huo umerekodiwa mara nyingi na wageni. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine zake za kurekodia. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alitoa albamu Uingereza chini ya kampuni ya Real World. Nafurahi kwamba kazi hizo zipo. Lakini zilikaa kwenye maktaba za Afrika Kusini na maduka ya Ulaya, na mpiga ilimba wa kijijini hakuwa na njia ya kuzisikia. Nikapata kinasa sauti cha kaseti, nikamrekodi mzee mmoja akipiga ilimba, nikaihamishia kompyuta kwa waya. Sauti isiyofinywa, ya ubora wa diski, hula megabaiti kumi kwa kila dakika. Ikifinywa kwa mtindo wa MP3 uliotengenezwa na Wajerumani, inashuka kuwa megabaiti moja hivi. Kwa hiyo disketi yangu ilibeba dakika moja na nusu ya ilimba. Mzee akaniuliza kama wimbo wake nitaukata mkia au kichwa.

Hata katika mambo haya ya kufinya, vibali vilijaribu kuingia. Mtindo wa picha uitwao GIF ulitumia hesabu iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys, na mwishoni mwa mwaka 1994 ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazotumia hesabu hiyo walipe. Watu hawakungoja mahakama. Mwaka 1996 wakatoa mtindo wao mwingine, PNG, usiodaiwa na mtu. MP3 nayo ilikuwa na hataza mpaka za mwisho zilipokwisha Marekani mwaka 2017. Ni mara chache nimeona ukaidi wa watu ukizaa kitu chenye manufaa kama ile PNG.

Ukishatengeneza ukurasa, unahitaji mahali pa kuuweka, na hapo mtu wa Dodoma ana ufahamu kuliko wengine. Sisi tulikaa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Wenzetu mikoani walipata hati za miaka 99. Sisi tulipewa viwanja kwa mkataba wa miaka 33. Tulijua tofauti ya kumiliki na kupangishwa. Nami niliposoma masharti ya jina la tovuti nikayatambua mara moja: jina hulinunui, unalilipia kila mwaka, na ukichelewa anapewa mwingine. Majina ya .tz mwanzoni yalisimamiwa na wataalamu wachache, na mwaka 2006 kikaundwa chombo maalumu, tzNIC, kwa kazi hiyo. Wasio na fedha ya jina walikaa bure kwenye viwanja vya makampuni ya Marekani. Kilichojulikana zaidi ni GeoCities, kilichoanza mwaka 1994 na kupanga kurasa za watu kama mitaa ya mji. Yahoo ilikinunua mwaka 1999, na mwezi Oktoba 2009 ikakifunga, na mamilioni ya kurasa zikafutwa. Wakazi hawakulipwa fidia. Mwenye daftari kama langu angeweza kujenga upya. Mwingine alianza upya kabisa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri na nitaipita haraka. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe kwa Kiswahili, na mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akaanza blogu yake, ambayo wengi waliifungua asubuhi kabla ya gazeti. Jamii Forums ikaja mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza kufundisha mwaka 2007, kikianzia katika ukumbi wa Chimwaga, na ndaki yake ya mambo ya kompyuta ikawaleta vijana kutoka kila mkoa kwenye vilima vile vilivyokuwa vya mbuyu na mbuzi. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukapitishwa kanda ya kati. Jogoo wa modemu akanyamaza. Mafundi wapya hawakufinya tena picha, kwa kuwa wao walikaa penye mkongo. Wasomaji wao wa Bahi na Chemba waliendelea kununua vifurushi vya siku. Hilo nililisema kwa sauti katika kila darasa la jioni nililofundisha, na naona nilikuwa nachosha watu.

Bunge lilihamia Dodoma mwaka 1996, na kwa sababu hiyo vibali vilivyorudi vilirudi kupitia mjini kwetu. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria ya mawasiliano ya elektroniki na posta. Mwaka 2015 likapitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na mwaka 2016 Sheria ya Huduma za Habari iliyochukua nafasi ya ile ya 1976. Sina ugomvi na kila kifungu. Matapeli wa simu wapo na wanawaliza wajane. Lakini mwezi Machi 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotungwa chini ya ile sheria ya 2010, na kanuni hutiwa saini na waziri bila kujadiliwa kifungu kwa kifungu na wabunge. Zilitaka kila mwenye blogu awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 za kila mwaka. Jumla, mwaka wa kwanza, 2,100,000. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu Mtwara ilizisimamisha kwa muda kwa maombi ya asasi kadhaa, kisha zuio likaondolewa mwezi huohuo. Mwezi Juni Jamii Forums ikasimama kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikafungwa.

Nilikuwa na kijana mmoja niliyemfundisha, mtoto wa wakulima wa Kongwa, aliyekuwa akiandika kila jioni bei za mahindi na alizeti za soko la Kibaigwa. Ukurasa wake ulikuwa na jedwali moja na hakuna picha. Ulifunguka kwenye simu yoyote. Akaja na karatasi ya hesabu.

"Shikamoo mwalimu. Nimepiga hesabu. Kwa fedha ya leseni napata pikipiki."

Nilimwambia pengine bei za mahindi si maudhui yaliyokusudiwa. Akaniuliza nani atamwandikia barua ya kumhakikishia. Sikuwa na jibu. Alinunua pikipiki kweli, kwa mkopo, na bei za mahindi akazihamishia kwenye kundi la WhatsApp ambalo halina ukurasa, haliwezi kutafutwa, na wanaolisoma ni wale anaowajua yeye.

Kanuni zile zilibadilishwa na nyingine mwaka 2020, na zikarekebishwa tena baadaye. Vijana wengi, hata hivyo, walikuwa wameshahama, na kule walikohamia ndiko kunakonipa mawazo zaidi. Wanatengeneza video kwa simu, nyingine nzuri kupita chochote nilichowahi kufanya, zenye taa sawa na sauti safi. Wakiniuliza misingi, nawauliza kama wamewahi kuona video hiyo imeshonwaje. Programu ya simu haina ile amri ya kivinjari cha zamani. Imeshonwa kwa ndani na fundi amekupa mgongo. Anayeamua nani aione video ya kijana wa Area A ni mashine ya kampuni ya nje, na uamuzi wake hauna waziri wa kuandikiwa wala Mahakama Kuu ya kukimbilia.

Kwa hiyo darasa langu la jioni, ninapoombwa kufundisha, bado linaanza vilevile. Nawapa daftari. Wanaandika kwa kalamu ukurasa wenye kichwa kimoja, aya tatu na kiungo kimoja. Wiki ya pili tunaupiga chapa kwenye kompyuta iliyozimwa intaneti, tunauhifadhi, tunaubofya, na unafunguka. Kisha nawaonyesha jinsi ya kuufungua ukurasa wa mtu mwingine na kusoma ndani yake, maana kwenye kompyuta amri ile ipo hadi leo. Kurasa za siku hizi zimejaa misimbo iliyosongwa pamoja kiasi kwamba macho ya binadamu hayapenyi, kwa hiyo imenibidi kutafuta tovuti za zamani zilizobaki. Ile ya kwanza kabisa ya CERN waliirudisha hewani mwaka 2013, na inasomeka yote kwa dakika moja. Mwaka jana binti mmoja wa Chamwino aliisoma, akahesabu alama zake kwa kidole kwenye skrini, akasema hizi zote mwalimu tumeshazisoma.